Ufunguo wa Kituo cha Redio

Jumatatu, 4 Machi
Kitabu cha historia cha darasa la sita kimerudi mezani kwetu wasahihishaji. Toleo la tatu. Sasa, siku ya Mapinduzi, Kiongozi anauvunja mlango wa kituo cha redio kwa teke. Teke moja – mlango wa chuma! Toleo la kwanza mlango ulifunguliwa na mfagiaji. La pili, na "mwananchi". Leo hata mwananchi kaondolewa. Mfagiaji mwenyewe ni shangazi yangu, aliyenilea. Kazini hakuna anayejua. Nimetia tiki, nikafunua ukurasa unaofuata.

Jumanne, 5 Machi
Nimejiponza. Prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, tunasahihisha wawili wawili: mimi nasoma muswada kwa sauti, Miwani, mwenzangu wa meza, anafuata prufu kwa kalamu. Nilipofika pale mlangoni, ulimi ukaniteleza: mfagiaji akachomoa ufunguo kifuani. Kalamu ya Miwani ikasimama. Akauliza hiyo nimeisoma wapi. Kweli, wapi? Hakuna toleo lililowahi kusema kifuani. Nikasingizia usingizi. Akacheka kidogo. Kicheko gani kile?

Alhamisi, 7 Machi
Miwani kaniletea chai. Miaka sita tumekaa pamoja, hajawahi. Akauliza kama shangazi hajambo. Mimi nilimwambia lini kwamba nina shangazi?

Nimemsihi Shangazi aufiche ule ufunguo, maana umetundikwa sebuleni chini ya saa, kila mgeni anauona. Kasema aliuficha kifuani siku moja tu, siku ya risasi. Leo aufiche kwa nini? Mkaidi. Alipoingia kuoga nikautoa msumarini. Naogopa, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne asubuhi. Wageni wawili sebuleni. Wapole, hata viatu wamevua. Eti wanakusanya kumbukumbu za wazee. Mimi niko chumbani, mlango nimeurudisha nusu. Shangazi kachangamka – miaka mingi hajaulizwa na mtu. Kawasimulia yote, kuanzia zamu yake ya alfajiri. Mmoja anaandika. Wa pili kauliza, taratibu kabisa, nani mwingine anaijua habari hii.

"Mwanangu, yumo humo ndani," Shangazi kajibu kwa fahari. "Nimemsimulia tangu hajaota meno. Anaijua neno kwa neno."

Anayeandika ameacha kuandika.

Ufunguo umo mfukoni mwangu. Shangazi ameukosa msumarini, ananiita niwaletee wauone. Ananiita mara ya pili, kwa jina langu kamili.