Neno Lililofika Hadi kwa Asma

Kamina, 20 Agosti 1997

Yaya Djamila, dada yangu mukubwa,

Salamu yako na sabuni vilifika, aksanti. Huku mvua haijaanza, na treni iko inapita siku inayotaka.

Unakumbuka lile neno «dévaluer», kupoteza bei? Lilitoka kwa redio, wakati feza zetu zilikuwa karatasi tu. Kisha ndugu yetu Sudi akalipeleka sokoni. Alikuwa anabonyeza samaki ya Kinkondja na kidole gumba, funza wanatoka, anasema: «Hii imedévaluer.» Tulikuwa tunacheka.

Ijumaa mzee Moustapha, baba ya mchumba, alileta mahari yote ya mutoto wako Asma, vile tulipatana mbele vita haijaanza. Anajua kama askari waliokuwa wanakimbia walimubeba Asma kwa nguvu siku tatu. Hakuuliza kitu. Njo Sudi, mjomba mwenyewe, alifungua kinywa, mafuta ya samaki kwenye ndevu:

«Mzee, mwislamu hafichi ubaya wa mali anayouza. Punguza. Huyu amedévaluer.»

Yaya, Sudi alijiona muntu wa haki! Mzee Moustapha akasukuma sahani: «Minyi nilikuja kutafutia mutoto wangu muke. Sikukuja kununua samaki.» Asma alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote.

Ukuje weye mwenyewe upokee mahari. Mikono ya Sudi isiiguse.

Na usinisifu kwa hii barua. Sudi alipomaliza kula alinyoosha ile mikono, na minyi mwenyewe nilimumwangia maji ya kunawa.

Mudogo wako,
Zuena