Usimtume Shemeji Kumchukua Dina

S.L.P. 87,
Mpanda.
14 Agosti 2024

Mpendwa dada Tereza,

Shikamoo. Vipi hiyo miguu, bado inavimba ukishinda umesimama dukani? Na kikohozi cha shemeji Onesphore kimetulia? Watoto wasalimie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukifika katikati utasahau.

Huku Kasokola tupo. Dina anakua, sare ya mwaka jana imembana. Mimi ni mzima, yaani natembea, nalima, napika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ukiniuliza hali nasema salama, halafu tunaingia habari za mvua. Barua nimempa Edgar, yule kondakta wa basi, akufikishie mkononi.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mwisho wa mwezi shemeji atakuja kumchukua Dina akaishi kwenu Morogoro mpaka mimi nitakapokaa sawa. Nitakujibu, ila kwanza ujue yaliyotokea. Uliyosikia umeyasikia kwa shemeji Aloyce, ndugu wa marehemu, na Aloyce akisimulia jambo lazima aliongezee chumvi.

Kwamba sikulia kwenye msiba wa mume wangu Leodgar ni kweli, ulikuwepo ukaona. Mjane anatakiwa akae ndani kwenye godoro na wanawake wenzake, mimi nikainuka nikaenda kupepeta mchele wa wageni. Watu walisema mengi. Nilikuwa nawasikia kama watu wanaoongea nyumba ya jirani.

Kwamba niliwaacha ndege wakila mpunga ni kweli pia. Aprili ilikuwa zamu yangu ya kuamia ndege shambani. Nilikaa juu ya dungu na kopo langu la kupiga kelele mapajani, ndege wakashuka kundi zima, nikawatazama wanakula. Nilijua huo ndio mpunga wetu wa mwaka, wangu na wa Aloyce. Mkono haukuinuka. Aloyce alipofika jioni alinikuta nimekaa vilevile na nusu ya shamba imebaki mabua. Hapo ndipo maneno yalipoanza, wengine wakisema nimerogwa, wengine uvivu.

Juni Dina aliugua malaria, nikampeleka zahanati. Nesi Suzana alipomaliza kumpa mtoto dawa akaniuliza mimi nalalaje. Nikamwambia nalala, ila nikiamka sijui kama nililala. Akaniandikia karatasi niende hospitali mjini, chumba cha ushauri nasaha.

Si unajua huku kwetu mtu akionekana ushauri nasaha inakuwaje. Nilikaa kwenye lile benchi la kusubiri nimejifunika kanga mpaka puani, na bado mke wa Aloyce akaniona. Kabla bodaboda haijanirudisha, Kasokola nzima ilishajua nina virusi. Mama mmoja aliniletea mchicha na unga wa lishe, akanishika mkono kwa huruma. Zamani ningecheka, au ningegomba. Nilipokea, nikaupika.

Mshauri mwenyewe anaitwa Emelyne, binti ambaye ningeweza kumzaa, kwa hiyo nilimdharau. Nilitegemea anipe mawaidha. Hakunipa. Aliniambia tu nimsimulie siku ile ya kifo tangu asubuhi. Safari ya kwanza nilisimulia kama natoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Safari ya tatu nikafika mahali ambapo sijawahi kumfikisha mtu, hata wewe. Leodgar alirudi kutoka mashineni akilalamika kifua, akakaa juu ya gunia, akaniomba maji. Nilikuwa napepeta. Nikamwambia, "Subiri nimalize." Nilipompelekea yale maji alikuwa ameshakufa.

Emelyne hakunikemea, wala hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Alisema, "Mama, hujarogwa, na huna roho mbaya. Umebeba kitu hicho peke yako mpaka umekufa ganzi." Akanieleza kwamba yanawapata wengi, ila kila mtu kwa namna yake. Kuna wanaolia, kuna wanaogomba na kila mtu, kuna wanaokimbilia pombe, na kuna wanaokaa kama mimi. Kulisema jambo mbele ya mtu asiyekuhukumu, tena na tena, kunalilegeza polepole. Nilimuuliza lini. Hakunipa tarehe.

Siku hiyo pia sikulia. Ila jioni tukiwa tunakula nikagundua mboga haina chumvi. Nikamuuliza Dina mbona hajaniambia. Akajibu bila kuinua uso, "Mama, haina chumvi tangu baba afe. Nilidhani ndivyo msiba ulivyo."

Miezi sita mtoto anakula hivyo. Kwa hiyo sikulaumu kwa kumwonea huruma.

Sasa huo ujumbe wako. Niliusoma Jumapili nikitoka kanisani. Nikaurudia. Masikio yakawaka moto, nikajikuta nasema kwa sauti peke yangu njiani, "Huyu Tereza kamuuliza nani?" Dada, nimekukasirikia. Najua nia yako ni njema, na najua mwezi wa tatu nisingekujibu kitu, ningefunga nguo za Dina nikamkabidhi shemeji. Lakini nilikasirika mpaka nikashindwa kutembea, nikakaa kwenye jiwe pale kwenye njia panda, waumini wakinipita. Tangu Leodgar afe sikuwa nimehisi kitu chochote, na hasira hiyo ndiyo kitu cha kwanza.

Sijapona. Siku nyingi bado niko vilevile, na kwa Emelyne nitaendelea kwenda, wacha waseme. Ila shemeji asije. Desemba shule zikifungwa tutakuja wote wawili kuwatembelea, na tutarudi wote wawili.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na Fredrick akipiga simu kutoka chuoni. Dina anakusalimu, mama yake mkubwa, anauliza kama kwenu kuna baridi. Mungu awatunze, akupe miguu isiyouma.

Mdogo wako akupendaye, na bado amekukasirikia,

Scolastica