Laana Uliyoitangaza Biharwe

Rubondo, Kambi ya Wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Kwako mdogo wangu Déo,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini wewe na mkeo Gaudiose mu wazima huko Mbarara. Sisi huku tunapumua. Mahindi yamekubali, ila maji ya kisima bado ni ya kugombania. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungeanza kuniombea kabla sijamaliza kusema. Karatasi haikatizwi, basi soma.

Déo, nimekasirika. Nimekasirika hata kanisani nashindwa kuimba.

Ulipowaita vijana wa kanisa letu kwenye kambi yako ya maombi pale Biharwe, tuliambiwa ni mafunzo ya kwaya. Sisi wazazi tukachanga maharage na unga, nami nikampa binti yangu Olga kitenge changu kipya ajifunike. Hakuna aliyetuuliza lolote. Tulikuamini kwa kuwa wewe ni mtoto wa hapa, na tena mjomba wake.

Olga aliporudi, mama alinyoosha mikono amwekee kichwani akimshukuru Mungu, kama anavyomfanyia kila mjukuu anayetoka safari. Mtoto akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Nilipombana alilia, akasema kwamba huko mlikuwa mnavunja laana za ukoo. Uliwasimamisha wote, kila mmoja ataje kwa sauti majina ya waliomzaa, kisha aseme amejitenga nao. Na ili kuwaonyesha njia, ukaanza wewe. Ukamtaja Nyirabizimana, mama yetu. Ukasema alizika mume na watoto wawili kwa sababu ya giza lililo katika damu yake, na kwamba wewe ulipona siku ulipomkana.

Lo! Baba alikufa kwa risasi, Déo. Mariette na Léopold walikufa kwa kipindupindu njiani, tukikimbia. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama. Mgongo huo ndio uliokutoa Kivu, leo unauita giza? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijana wamekupigia makofi mpaka unahubiri usichotumwa.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu Sebagabo pamoja na wazazi wenzangu. Pontien, ambaye mwanawe hupiga gitaa kwenye kwaya, ndiye aliyeuliza kwa nini hatukuambiwa. Mchungaji alikiri kwamba wewe ndiwe uliyemwomba wazazi wasiambiwe, eti tungeleta vizuizi vya kimwili. Vizuizi! Sisi tunaowaamsha kwenda ibadani na kuwafulia mashati ya kwaya? Sikatai vijana wafundishwe. Lakini hata Bwana Yesu, baada ya kuwashangaza walimu hekaluni, alirudi nyumbani na wazazi wake akawatii. Au ukurasa huo kwenye Biblia yako umechanika?

Olga nitamalizana naye mwenyewe, ni mwanangu. Linaloniumiza sijakuambia bado. Mama alikuwa mlangoni, alisikia yote. Nilidhani atakasirika, nilitamani akasirike. Badala yake, kesho yake alihamishia mkeka wake jikoni, kwenye moshi. Sasa ana sahani yake peke yake na anaiosha mwenyewe. Kitinda mimba wangu akimkimbilia, anaficha mikono ndani ya kitenge. Nilipomsihi arudi ndani, aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kivu, “Madeleine, ni miye nilibauwa bale batoto? Déo ni mutumishi wa Mungu, hawezi kudanganya.”

Anakuamini, Déo. Alimwona baba akianguka kwa risasi kwa macho yake, lakini anakuamini wewe kuliko macho hayo.

Mimi sitaki uniombe radhi, wala usimtume mtu. Njoo mwenyewe na vijana wako, upige magoti kwenye jiko hilo, umwambie mama ukweli kwa mdomo ule ule uliomtaja. Kisha uinamishe kichwa, umwombe akuwekee mikono, wote wakiona. Usikawie. Moshi umeshamwingia kifuani, anakohoa, na dawa hataki kunywa.

Msalimie sana Gaudiose. Mume wangu Kabanda anawasalimu, na watoto pia. Mama nilimwomba atume salamu, akakataa. Anaogopa zisije zikakudhuru.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Madeleine