Kapteni Bado Anatembea

Ferdi, nimetoka kwenye banda la video sasa hivi, nina hasira!

Ile muvi ya kapteni wa mwezini, sehemu ya pili, niliyowatangazia watu wa Chanika mwezi mzima? Takataka. TAKATAKA TUPU!

Taa kali, moshi, makoti marefu, miwani myeusi gizani. Halafu hawaongei! Saa nzima kapteni anatembea kwenye mvua. Mvua mwezini, Ferdi!

Sasa mie mtafsiri nimeshika maiki, natafsiri nini? Nikasema, "Kapteni anatembea." Dakika kumi baadaye: "Bado anatembea."

Mama Anastasia muuza karanga akapaza sauti kutoka benchi la mbele: "Gervas, sema tu Kizungu kimekupiga chenga!" Banda zima likacheka. Mie! Miaka tisa kwenye maiki, eti Kizungu kimenipiga chenga!

Nikapandwa na hasira, nikaanza kutunga. Nikasema kapteni anamtafuta baba yake, mchonga vinyago aliyeondoka Newala akaahidi kurudi kabla ya msimu wa korosho, asirudi tena. Kila kapteni akipiga hatua, mie naongeza. Mama Anastasia akawa anajifuta machozi kwa kanga.

Yule baba unamjua. Ni wewe peke yako niliyewahi kukusimulia alivyotuacha.

Muvi imeisha, Mama Anastasia kanishika mkono: "Mwanangu, hawa Wazungu wanajua kutunga. Wewe tu ndo ulitaka kutuharibia pale mwanzoni."