Bibi, Wameniambia Nimwache Mtoto Nyumbani

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba, halafu hapo hapo ungeniuliza kama bado nina makalio bapa kama ubao wa kufulia. Ndiyo Bibi, bado.

Nakuandikia nikiwa Mikumi, nimekalia ndoo niliyoipindua nyuma ya banda la mama lishe. Banda lenyewe limejengwa kwa ajili ya tamthilia. Masufuria ni ya kweli, moto ni wa kweli, ila wali hauliwi, ni wa kupigwa picha tu. Kitukuu chako ananyonya. Meno yanamtoka, halali, na mimi silali, kichwa kizito kama gunia la mahindi mabichi. Nimechoka, sikufichi. Lakini barua hii naiacha wazi wasome na wengine, kwa sababu wapo wanaosema nimefika hapa kwa bahati. Mimi najua nimefika hapa kwa misiba.

Nilikuwa mdogo uliponichukua mara ya kwanza kwenda kule Msowero kwenye msiba wa yule mzee wa ukoo wa watani wetu. Watu wamekaa chini wamejikunyata, mjane hajala tangu jana yake. Wewe ukaingia ndani, ukatoka umevaa koti la marehemu na kofia yake, umeshika fimbo yake, mgongo umeupinda kama yeye kabisa. "Nani amewasha moto na kuni zangu?" ukafoka. "Nimegeuka kidogo tu, mmeshaanza kuiba!" Nikaona aibu, nikataka ardhi inimeze. Mjane akainua kichwa. Akacheka, machozi yanamtiririka, akacheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Jioni akala.

Njiani nikakuuliza, "Bibi, huoni haya?"

"Haya nimemwachia marehemu, yeye hana kazi. Mimi ninayo."

Ukanifundisha kumtazama mtu kuanzia miguuni. Ukaniambia uso unajua kudanganya, lakini miguu haijafundishwa. Na tukitoka shambani Chanzuru tulikuwa tunatukanana njia nzima, unanitupia neno, nakurudishia lenye mwisho unaofanana na lako, anayeshindwa anabeba ndoo. Nimebeba ndoo sana, Bibi. Mashabiki wangu wakiniuliza nilisomea wapi kurap, nashindwa niwaelezeje ile njia.

Ndiyo maana siku ya kwanza niliposhindana kurap hapa Mikumi, kabla ya tamthilia, pale jukwaani karibu na malori yanapolala, yule kijana aliponiambia mbele ya watu nirudi jikoni, sikutetemeka. Nilimtazama miguu. Alikuwa anatikisa goti. Nikamwambia, "Jikoni nimetoka, na wewe ndiye mboga," kisha nikamalizana naye taratibu, kwa vina, watu wakapanda juu ya viti. Mshereheshaji akauliza niitwe nani. Mdomo ukasema wenyewe: Mke Mwenza. Hadi leo kwenye bajaji za Morogoro wanaweka nyimbo za Mke Mwenza na hawajui wanamwita nani.

Kisha ukaondoka. Mimi nilikuwa na mimba. Wajukuu ni watani wa bibi yao, kwa hiyo nilivaa sweta lako la kijani, nikapita kati ya waombolezaji nikiwakagua sahani kama ulivyozoea: "Wewe mbona umepewa minofu miwili?" Walicheka. Baadaye nilikwenda nyuma ya choo nikalia peke yangu.

Mtoto alipozaliwa simu ziliacha kuita. Wenye matamasha wakasema nipumzike kwanza. Mjomba naye akaja nyumbani Mabwerebwere, kule Kilosa, na suti yake ya kanisani, akakaa. "Sasa wewe ni mama wa mtu. Mama wa mtu hapayuki jukwaani."

Nikamjibu, "Mjomba, shikamoo yangu nakupa kila siku. Maiki sikupi."

Wiki ile ile niliingia studio, mtoto nimemfunga kwa kanga, nikatoa mistari hii:

*Mgongoni mtoto, mdomoni moto,*
*anayedhani nimezima ameota ndoto.*

Ni huo wimbo uliofanya watu wa tamthilia wanitafute. Walitaka mwanamke wa kucheza mama lishe wa barabara kuu, mwenye mdomo, asiyeonewa na dereva yeyote. Bibi, niliitaka nafasi hiyo mpaka nikaota nimeikosa. Nikaja Mikumi, mtoto mgongoni, nikamkuta dairekta kwenye kibaraza cha gesti pamoja na wenzake.

"Karibu, dada," akasema. "Mimi kwetu Dodoma, Mgogo, ila nimekulia Dar."

Niliposikia Mgogo tu, kwisha. Mtani wangu! "Kumbe mtumwa wangu! Unaniita dada kwa ruhusa ya nani? Na hivyo viatu vizuri hivyo, ukifa nakuja kuvichukua, utazikwa peku."

Angekuwa wa huku angenijibu kwamba nitatangulia mimi, na jeneza langu halitapita mlangoni. Yeye akavitazama viatu vyake.

"Dada," akasema polepole, "nimemzika baba yangu juzi juzi tu. Hayo ni maneno gani?"

Kumbe amekua mjini bila kuambiwa mtani ni nani. Nikajiona nimeshaipoteza kazi kabla sijakaa. Nikataka kuomba radhi, kisha nikajiuliza wewe ungefanya nini. Usingeomba radhi. Mtani akikuta msiba anafanya kazi yake.

"Pole sana, kaka. Msibani mtani wenu alikuwa nani?"

"Hakukuwa na mtu kama huyo. Kulikuwa na spika na chakula cha kuagiza."

"Hakuna aliyevaa nguo za mzee?"

"Avae nguo za marehemu ili iweje?"

"Mzee alikuwa anatembeaje?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kunifukuzia. Halafu akasema, "Alikuwa anaburuza mguu wa kushoto. Mkono mmoja nyuma."

Nikachukua koti lililoning'inia kwenye kiti, nikalivaa juu ya mtoto na kanga yake, nikatembea.

"Hapana, polepole zaidi. Na alikuwa anakohoa kabla hajaingia, ili tuwahi kuzima tivii."

Nikatoka nje. Nikakohoa. Nikaingia naburuza mguu, nikasimama, nikatazama juu kwenye dari. "Taa zote hizi za nini? Luku mnanunua nyie?"

Kicheko kilimtoka ghafla, kama mtu aliyesukumwa. Akacheka, akajishika uso, mabega yakaanza kutikisika, na hapo nikajua sasa analia. Wenzake wakaangalia pembeni. Nikamwacha alie mpaka amalize.

"Umejuaje alikuwa anasema hivyo?"

"Baba gani hasemi hivyo?"

Akajifuta. Akaniambia nafasi ni yangu. Na kwa pumzi hiyo hiyo: "Ila mtoto abaki nyumbani. Lokesheni siyo kliniki."

Dada mmoja wa pale akaninong'oneza, "Kubali, mwenzangu. Nafasi kama hizi hazirudi." Na mimi nilijua hazirudi.

"Kaka," nikasema, "lile la mzee ni utani, sikudai kitu. Hili la mtoto ni kazi, na kazi tunapatana. Ananyonya. Halafu huyo mama lishe wako, umeshamwona mama lishe wa njia hii asiye na mtoto karibu? Nioneshe nami nikamwone."

"Atalia tukiwa tunarekodi."

"Akilia, mama lishe anambembeleza huku anapakua. Ndivyo wanavyofanya."

"Na nikisema haiwezekani?"

"Tutabaki watani, na mimi nitapanda basi la Kilosa."

Akasema haiwezekani. Nikakaza kanga, nikapanda basi.

Mjomba aliponiona nimerudi akasema, "Si nilikuambia?" Nikafua nguo za mtoto, nikazianika, nikajiambia kwamba kama kazi haimtaki mwanangu basi hainitaki na mimi, na nyimbo bado ninazo. Nilikuwa naamini nilichokuwa najiambia. Ila iliuma.

Kesho yake simu ikaita. Sikusikia salamu.

"Njoo. Njoo naye. Tutaandika kwamba mama lishe ana mtoto." Kisha akaongeza: "Na wewe ndiye utakayezikwa peku, mtumwa wangu."

Nilicheka mpaka majirani wakatoka nje. Ameanza kujifunza!

Sasa niko hapa. Kila mtu ananiambia nichague: mama au msanii, kurap au kuigiza. Wewe ulilima, ulilea watoto, uliimba kanisani Jumapili na Jumatatu ukavaa koti la maiti, na hakuna aliyekuambia uchague. Au walikuambia, ukawatukana kwa vina. Nakukumbuka sana nikiwa nimechoka hivi, maana ungemchukua mtoto, ungenisema kwa uvivu, na ningelala.

Lala wewe kwa niaba yangu, Bibi. Mimi nina kazi. Dairekta anapiga makofi, anamwita mama lishe aingie bandani, taa ziko tayari. Mama lishe ni mimi. Mtoto hajashiba bado.

Wangoje kidogo.

Mjukuu wako,
mama wa kitukuu chako.