Mbao za Kanisa Letu

Mujukuu wangu Neema,

Huku kambini Juru tuko wazima, maharagwe yameanza kutoa maua. Unaniandikia kutoka chuo cha Mbarara kwamba elektroni zinakimbia vizuri ndani ya ule utando mwembamba unaoupima ukining'inia hewani, lakini ukiulaza juu ya kioo zinachelewa. Unajilaumu kwamba mikono yako imeuharibu.

Nikiwa binti kule Kivu, nilibeba sinia la vikombe vya Meza ya Bwana huku kwaya ikicheza juu ya sakafu ya mbao. Divai ikamwagika, nikalia. Mama Mchungaji akaninong'oneza: "Si mikono yako. Kwaya banatikisa mbao." Akanipitisha kando ya ukuta, pale fasi mbao zimelalia mawe. Halikumwagika tone.

Kioo chako kinatulia kweli, ao nacho kinatikisika kama zile mbao? Ulaze utando fasi ingine. Siku ile mikono yangu ilikuwa ile ile.

Bibi yako