Kijiko cha Shangazi Fatuma

Palma

Dada Zuhura, huku joto limenikausha, ila mimi mzima.

Jana shangazi Fatuma alimkaribisha chai Mfaransa mmoja wa kampuni ya gesi, pamoja na shehe wa msikiti wao. Mfaransa alipomwona akitoa iliki kwenye chai kwa kile kijiko chake bapa cha matundu, akaruka.

"Mama, hiki cha absinti, pombe yetu ya pakanga! Wazee waliweka sukari juu yake, wakaidondoshea maji baridi. Niuzie!"

Shehe akaganda, kikombe mdomoni. Shangazi alitamani ardhi immeze, lakini kijiko hakukiachia.

"Bibi yangu alikikuta huku, akakifanya cha chai. Kimeshasilimu, baba. Hakirudi kwenye pombe."

Shehe akacheka mpaka machozi, akaomba chai nyingine.

Mungu akuponye goti, dada yangu. Nimekukumbuka.

Mdogo wako, Salma